Pilipili ya Mama Ndani ya Pipa la Nguruwe

Nakiri mapema, kabla majirani hawajasimulia kwa chumvi: ni mimi niliyeunganisha mfereji wa bati wa paa na pipa la maji wakati pilipili ya mama bado imeanikwa juu ya paa.

Bon, nieleze. Kisangani ina mito ya kutosha kuzamisha wajinga wote wa shule yetu, walimu wakiwemo. Lakini kiangazi kile kisima chetu hapa Mangobo kilibaki tope, na nguruwe wa mama alikuwa ndiyo kwanza amezaa. Nguruwe anayenyonyesha asipokunywa, maziwa yanakauka, watoto wanakufa. Basi nikawa nabeba bidoni za maji kutoka mtoni asubuhi na jioni. Mimi, mwanafunzi wa sekondari, mtumishi wa nguruwe.

Amri ya mama ilikuwa fupi. Mawingu yakija, shusha pilipili, acha mvua ya kwanza ioshe paa, halafu ndiyo uunganishe mfereji na pipa. Mimi niliposikia radi nilifikiria mabega yangu tu. Nikaunganisha mfereji kwanza, tone lisipotee. Nilipofika na ngazi, mvua ilikuwa inashusha pilipili yenyewe, bila msaada wangu, moja kwa moja ndani ya pipa.

Mvua ilipiga kidogo, ikatukimbia. Papa yangu akatoka, akaona pipa limefika nusu. Rangi ya maji hakuuliza.

"Alors! Leo umekuwa mutu muzima!"

Sifa za papa ni adimu kuliko mvua. Habari ya pilipili niliiacha kwanza, nizifaidi. Akachota ndoo mwenyewe, akamimina kwenye sufuria kuukuu ya nguruwe.

Kwa kiu yake, nguruwe alivuta mafunda marefu. Kisha akapiga chafya, akapindua sufuria, akazunguka zizi akilia kama kwaya yetu ikitafuta sauti. Ndoo ya pili hakutaka hata kuinusa. Watoto wake walimkimbiza wakigombania matiti, naye hatulii.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Papa, munamutia viungo akiwa angali muzima?"

"Ni dawa," papa akajibu, uso mkavu.

Mama akaingia kutoka sokoni, amelowa. Akatazama paa tupu, akachovya kidole ndani ya pipa, akalamba. Papa akakumbuka ghafla kazi fulani nyuma ya nyumba.

"Nguruwe kwanza," mama akaniambia. "Kamata bidoni mbili, kimbia mutoni. Ukirudi, maji yako ya kuoga iko tayari: ile ya mu pipa."