Injini Mbili na Sikio la Fundi

Nilipata kazi Doha kwa sababu ya masikio yangu. Mwenye gereji, Mkatari wa makamo ambaye sote tulimwita Mudir, yaani bosi, alinijaribu siku ya kwanza kwa kuwasha gari na kuniuliza lina nini. Nikamwambia, bila kufungua boneti, kwamba kuna valvu imelegea upande wa kushoto. Akafungua, akapima, akacheka. Tangu siku hiyo, pale kwetu Sanaiya kwenye magereji na maghala, mafundi wengine walifanya kazi kwa kompyuta. Mimi nililetewa magari ya zamani, yale yasiyo na pa kuichomeka.

Mwaka wa saba masikio yakaanza kuniangusha. Sauti nene nilizipata vizuri: ngurumo ya ekzosi, mazungumzo ya wanaume, mlango wa chuma ukifungwa. Zilizopotea ni zile nyembamba. Siku moja mwenzangu alinivuta kwa nguvu hadi nikaanguka, kwa sababu lori lilikuwa linarudi nyuma na mimi nimesimama njiani. "Buda, king'ora chote hicho!" akanifokea. Sikuwa nimesikia king'ora chochote. Nilicheka, nikasema nilikuwa na mawazo.

Dada mmoja wa kanisani, nesi anayeishi Al Mansoura karibu na chumba changu, ndiye aliyegundua. Ijumaa moja tulipokuwa tunatoka ibadani Mesaimeer, alinifuata akanishika mkono.

"Kaka, nimekuita mara tatu."

"Kelele za watu, dada."

"Watu wameshaondoka." Akanitazama kwa makini. "Hayo masikio yapimwe. Si mchezo."

Nikamwambia nitakwenda. Sikwenda. Nilikuwa na mke na watoto wawili Nakuru, na sikujua kazi nyingine. Nikipimwa, karatasi ya daktari ingekuwa ukweli. Bila karatasi, nilijiambia, huenda ni uchovu tu.

Hapo ndipo Mudir alipoleta magari mawili ya Kimarekani, yote ya zamani, yote ya milango miwili na injini za V8 za aina ile ndogo ambayo wapenzi wake huiita bloku ndogo. Moja lilikuwa jekundu, injini ya lita tano. Jingine la kijivu, lita tano nukta saba.

"Sadiq," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, rafiki. Tulizungumza Kiingereza chetu cha Ghuba, nusu Kiarabu. "Moja nataka la barabarani, niende nalo kazini na sokoni. Jingine la mbio za robo maili. Niambie lipi ni lipi. Nataka sikio lako."

Kazi hiyo miaka mitatu nyuma ningeifanya huku nakunywa chai. Sasa niliifanya kwa hofu, nikijificha nyuma ya vipimo. Nilifungua, nikapima. Silinda za injini zote mbili zina upana uleule, inchi nne. Tofauti iko kwenye safari ya pistoni kupanda na kushuka. Kwenye jekundu safari ni fupi, inchi tatu, kwa hiyo injini inazunguka upesi na haichoki ikipelekwa juu. Kwenye la kijivu safari inakaribia inchi tatu na nusu, na nguvu zake zinakuja mapema, ukigusa tu mafuta. Nililiendesha la kijivu hadi Abu Hamour mchana, kwenye foleni, kipoza hewa kimewashwa, na mshale wa joto haukutikisika. Jekundu kwenye foleni hiyohiyo lilitetemeka kwenye kila taa, likataka kuzima, joto likapanda hadi nikazima kipoza hewa na kufungua vioo. Kamshafti yake, ule mhimili unaofungua valvu, ilikuwa kali, haikupenda mwendo wa polepole. Lakini barabara ilipofunguka na nikalikanyaga, lilikwenda kama limetumwa. Na lilikuwa jepesi kuliko mwenzake.

"La kijivu la barabarani," nilimwambia Mudir. "Jekundu la mbio."

Akafurahi. Akataka jekundu niliongezee nguvu zaidi. Nikasogeza taimingi mbele, plagi zichome mapema kidogo, na hapo ndipo sikio linapohitajika. Ukizidisha, mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda, injini inagonga. Mlio wake ni mwembamba, kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria tupu. Fundi akiusikia anarudi nyuma mara moja. Nikasogeza kidogo, nikasikiliza. Kimya. Nikasogeza tena. Kimya. Nilijua kimya hicho hakina maana yoyote, na bado nikaendelea.

Siku iliyofuata tulitoka nalo, Mudir akiendesha, mimi kando yake. Alipolikanyaga gia ya tatu, akageuka.

"Hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Inalia. Kama mawe madogo."

"Ekzosi," nikasema. "Kuna ngao ya joto imelegea. Nitaikaza."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mudir."

Tuliporudi nilipaswa kutoa plagi na kuzitazama. Injini inayogonga huacha vidoa vidogo vya kung'aa kwenye kauri ya plagi, na kuviona hakuhitaji sikio. Nilishika spana ya plagi mkononi muda mrefu. Kisha nikairudisha kwenye sanduku. Niliogopa kuviona. Nikaikaza ile ngao, ambayo haikuwa imelegea.

Jumamosi alasiri tulikwenda uwanja wa mbio. Mudir akafunga kofia, akanionyesha kidole gumba, nami nikamwonyesha changu. Taa zikawaka kijani, jekundu likaruka. Katikati ya njia likatoa moshi mzito wa buluu. Pistoni ilikuwa imevunjika na fimbo yake kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, oili yote ikamwagika chini ya tairi za nyuma. Gari likageuka ubavu, likaparuza ukuta, likaparuza tena, likasimama. Nilikimbia. Sijui kama nilipiga kelele. Mwenzangu alisema nilipiga. Mudir alitoka mwenyewe, mzima, ila alishindwa kufungua kamba ya kofia. Nikamfungulia. Hakunitazama.

Jumatatu tuliifungua injini. Mudir alikuja akiwa amevaa kanzu nyeupe, akachukua kipande cha pistoni kwenye meza bila kujali grisi. Kingo zake zilikuwa zimelika kama biskuti.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza, Mudir."

"Ukaniambia ekzosi."

Nilikuwa nimeandaa uongo mwingine, kuhusu mafuta mabovu. Uligoma kutoka. "Sikusikia," nikasema. "Mlio ule sikuusikia. Masikio yangu yamekufa, Mudir. Yana zaidi ya mwaka."

Alikigeuzageuza kile kipande mkononi. Kisha akapandisha sauti, na hiyo niliisikia yote. "Nina watoto! Wewe una watoto! Ungeniambia tu kwamba hujui!" Akakitupa kile kipande sakafuni, akaondoka.

Siku mbili hakuja. Nilikunja nguo zangu, nikazitia begini, nikazitoa, nikazitia tena. Sikula. Nilipomweleza yule dada nesi, hakuniambia kwamba alinionya. Alikaa nami ngazini akanishika mkono, akaomba kwa sauti ya juu ili niisikie.

Siku ya tatu Mudir alisimamisha la kijivu mbele ya gereji. "Panda." Nikadhani tunakwenda kukata tiketi yangu ya kurudi nyumbani. Alinipeleka kliniki. Daktari alinionyesha mchoro, mstari uliokwenda vizuri kisha ukaanguka ghafla. Ni kelele za miaka mingi bila kinga, akasema. Kilichokwenda hakirudi.

Tulirudi gereji. Kwenye geti Mudir akasema, "Utashika breki, giaboksi na difu. Injini nitazitafutia fundi mwingine." Nikamshukuru, na shukrani ile ilikuwa chungu mdomoni.

Injini mpya ya lita tano ilifungwa na fundi mgeni, kijana kuliko mimi. Jekundu lilipokimbizwa tena, sambamba na la kijivu, nilitazama ubao wa muda: lililiacha la kijivu mbali. Nilikuwa nimelinganisha sawasawa. Hakuna aliyekumbuka kuniambia, wala sikumkumbusha mtu.

Wiki hiyo nilimweleza mke wangu kwa simu habari za masikio yangu. Aliniuliza kama kusikia kulikobaki nako kutakwenda. Nikamwambia daktari hajui. Akauliza jambo jingine, nikamwomba arudie, akarudia, nikamwomba tena. Mara ya tatu akaniandikia kwa ujumbe: "Wanao utawasikia vipi ukiwa mbali?"