Rubani wa Bibi

Kila nikiwasha kompyuta ya zamani, vumbi la ndani likapata moto na kutoa ile harufu yake, namwona bibi kwenye kigoda nyuma yangu, akiitazama ndege niliyokuwa nairusha kwenye mchezo. Ilikuwa ndege kuukuu ya abiria, imejaa mishale ya vipimo na swichi. Bibi alikuwa anajiandaa kwenda Hija, lakini kupanda ndege alikuwa anaogopa.

"Rubani akitaka kuswali," aliniuliza, "usukani anamwachia nani?"

Nikaiweka ndege sawa juu ya mawingu, nikawasha swichi ya kujiendesha yenyewe, kisha nikainua mikono yote miwili aione. Adhana ya alasiri ikaita. Tukatawadha, tukaswali, na dua yangu ilikuwa moja tu: umeme usikatike.

Tuliporudi, ndege ilikuwa inakwenda vilevile. Bibi akakigusa kioo kwa kidole chenye hina.

"Haya. Nitakwenda."

Alirudi na tende na maji ya zamzam, nyumba ikajaa wageni, hata wa kutoka mbali kule Miono. Kila aliyemuuliza kama ndege haikumtisha, bibi alimwonyesha mimi, mtoto wa darasa la nne.

"Muulizeni rubani wangu."