Aliyeniomba Ugoro Jua Likizama

Alhamisi, 20 Septemba 1979. Kiangazi, upepo wa vumbi, mbingu haina hata wingu moja. Niliandika tarehe siku ile ile, kwa hiyo hapo sikosei. Mengine ni vile niliyaona, na pale nina shaka nitasema.

Nilikuwa narudi nyumbani na pikapu kutoka Mutomo. Saa kumi na mbili kasoro, baada ya kona, barabara inaangaliana na jua linakotua. Kioo kilikuwa na vumbi, jua likakigeuza cheupe kama shuka. Sikuona mbele. Je, nilipunguza mwendo? Sitadanganya, hapana. Nilijidanganya kwamba hii njia naijua.

Kando ya dirisha nikaona mwanamke mzee amenyoosha kiganja.

"Mwanangu, una ugoro?"

Kwetu mzee akikuomba ugoro, hupiti. Mimi ni mtu wa kanisa, sinusi, lakini nilikuwa nimemnunulia mama kikopo. Nikafunga breki.

"Ni wa mama, susu," nikasema, maana ndivyo tunavyoita nyanya.

"Kwani mama yako atakufa kwa chembe mbili? Zima gari! Unakimbilia wapi na jua limekufunga macho?"

Akanusa polepole, akapiga chafya, akanitemea mate kidogo kiganjani, baraka ya wazee. Niamini, kila kichaka kilikuwa na kivuli kirefu, yeye hakuwa nacho. Lakini macho yangu yalitoa machozi, labda sikuona vizuri.

Jua likaingia nyuma ya kilima. Nikatazama mbele. Hatua ishirini tu, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi, walikuwa wameinama wakiimba, wanajaza mashimo ya barabara kwa mawe. Katikati yao mke wangu Mwikali, mimba ya miezi saba.

Nikageuka kumshukuru susu. Hakuna mtu.

"Baba Mutua, ulikuwa unampungia nani?" Mwikali akauliza. "Tumeona mkono wako tu dirishani!" Wenzake wakacheka.

Tangu siku hiyo, jua likiwa usawa wa kioo, naegesha mpaka lizame. Abiria ninaowabeba hunitania, "Dereva, unasali?" Wacha waseme. Wewe dereva unayesoma, pangusa kioo, na usiseme njia unaijua. Aliye mbele yako leo unamjua?

Jioni ile tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kunde. Mwikali alipika, chumvi ikazidi, tukakwangua sufuria.