Mama Yangu Hajala Mtoto wa Mtu

Yule bwana akifa leo nitaenda msibani, nitakaa na wafiwa, nitakula pilau, na nitarudi nyumbani nikiwa bado nimemkasirikia. Nasema mapema ili asije mtu akasoma hadi katikati akadhani nafungua mlango wa suluhu. Mlango huo nimeufunga na ufunguo nimeutupa Mto Themi.

Tumekua naye Kijenge, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Msimu wa kahawa mama yake alikuwa akipanda mlimani kuchuma kwa kibarua, na kijana wake anashinda barazani kwetu, kwenye sufuria la mama yangu. Mama anauza loshoro, yale mahindi na ndizi za kuponda zinazochanganywa na maziwa ya mgando, na hadi leo anauza palepale, kwenye benchi lilelile. Yule bwana hakuwahi kulipia hata kijiko. Alikuwa anakula, anaongezwa, anakwangua, halafu analala kwenye mkeka na mdomo mweupe kwa maziwa.

Ukubwani akawa mtafsiri wa filamu. Kwa asiyejua kazi hiyo, ni hivi: kwenye kibanda cha video filamu inaonyeshwa kwa Kiingereza, sauti inapunguzwa, na mtafsiri anakaa pembeni ya runinga na maiki akiwasemea wahusika kwa Kiswahili. Yeye Kiingereza chenyewe hakijui. Anatazama nyuso, anakisia, anatunga. Na anajua kutunga, hilo simnyimi. Simu zimejaa mikononi mwa watu na kibanda chake bado kinajaa, kwa sababu ana mtindo wake: kila mhusika anampa mtu wa mtaani. Polisi mnene anakuwa fundi baiskeli wa pale kona. Mzee bahili anakuwa mwenye nyumba fulani ambaye wote tunamjua. Watu wanalipa kiingilio ili wasikie leo nani kapewa nani, na ukipewa uhusika mzuri unatembea mtaani kifua mbele wiki nzima.

Mama yangu alipewa uhusika mzuri kuliko wote. Kuna filamu moja ya watoto ambayo rika letu lote liliipenda, ya binti aliyepotea msituni akiwa na punda mwenye majibu ya ovyo, mpaka wakamkuta bibi mmoja chini ya kilima mwenye chungu kisichoisha uji. Yule bwana alipoanza kazi, hiyo ndiyo filamu iliyompa jina, na bibi yule alipotokea tu akasema kwenye maiki, "Huyu si mwingine, ni mama wa loshoro!" Kibanda kikapasuka kwa makofi. Kwa miaka mingi watoto walikuja na bakuli wakimuuliza mama kama ni kweli sufuria lake haliishi. Mama anawajibu linaisha, lakini likiisha wewe utakuwa umeshashiba.

Halafu ikaja sehemu ya pili.

Sijui nani huko nje alikaa akaona kwamba kitu kilichotulea kinafaa kugeuzwa cha kututisha. Katika sehemu ya pili binti amekua, amesahau njia ya kilimani, na bibi amesubiri hadi chungu kimekauka. Basi anaanza kupika wale wanaopotea. Macho yake yamekuwa mekundu, kucha zimerefuka, na anakuja polepole akiita watoto kwa sauti tamu. Kwenye jalada imeandikwa ni ya watu wazima. Yule bwana hasomi jalada. Aliona punda, akaona kilima, akaiweka Jumapili mchana, baada ya ibada, wakati watoto wamejaa hadi mlangoni. Na bibi alipotokea, yeye kwa mazoea yake akashika maiki: "Mama wa loshoro huyoo! Anakuja!"

Angesema mara moja ningesema ulimi uliteleza. Lakini alisikia watoto wanavyopiga kelele, akaona utamu, akaendelea wiki baada ya wiki. Akaongeza na manjonjo: jinsi mama anavyokohoa, jinsi anavyofuta mikono kwenye kanga kabla ya kupakua.

Mimi naishi Njiro na nafanya kazi katika ofisi ya utalii, kutwa najibizana na wageni kwa Kiingereza, kwa hiyo habari zilinifikia zimechelewa. Mama alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, hivi watoto wa siku hizi hawapendi tena loshoro?" Nikamwambia wanapenda chipsi. Baadaye akaniambia sufuria linarudi ndani nusu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za hali ya hewa, kwamba kanisani mtoto mmoja amelia kwa kukaa naye benchi moja na mama wa mtoto amehama naye bila kusema samahani.

Mama yangu ni mjane, ana zaidi ya miaka sabini, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia watoto wa watu maisha yake yote. Sote tumesikia kwenye redio yanayowapata bibi wenye macho mekundu katika mikoa mingine. Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Loshoro ningeweza kununua sufuria zima mwenyewe kila siku. Jina la uchawi likishamkaa mwanamke mzee, mwanawe hawezi kulinunua.

Nilimfuata yule bwana kibandani asubuhi akiwa anafagia.

"Sista, ile ni stori tu," akaniambia, hata fagio hakuliweka chini. "Watoto wanaenjoi. Mbona alipokuwa bibi mzuri hamkuja kulalamika?"

"Unajua watu wanasema nini kuhusu mama?"

"Watu wa hapa wanasema kila kitu. Mama ananijua mimi. Hana noma."

Alicheka. Nilitaka kulichukua lile fagio. Nilitaka kuichukua runinga yake niitupe mtaroni, na usiku nilijilaza nikiitupa mara nyingi, kila mara ikipasuka vizuri zaidi. Nilifikiria mjumbe wa mtaa, nikafikiria polisi, nikaona wote watamwita, atawachekesha, na wataondoka wamefurahi. Nilitaka aaibike mbele ya watu walewale aliowachekesha. Nilitaka aonje.

Jumamosi nikaenda Kijenge nikamweleza mama kila kitu bila kupunguza. Alikuwa anamenya ndizi. Hakulia wala hakushangaa sana. Aliweka kisu chini, akatazama maganda.

"Hata kukohoa kwangu?" akauliza.

"Hata kukohoa, mama."

"Kesho unipeleke nikaone."

Alitoka kanisani na sare yake ya kwaya ya akina mama, kilemba kimefungwa vizuri, mkoba mkononi. Tuliingia kibandani kupitia nyuma ya turubai, filamu ikiwa imeshaanza, tukakaa benchi la mbele kabisa. Ndani kulikuwa na giza na joto la watoto wengi. Yule bwana alikuwa ameinamia runinga, jasho linamtoka, anamsemea punda, na lazima niseme punda alikuwa anachekesha. Mama alicheka mara moja. Hilo nalo lilinichoma.

Kisha muziki ukabadilika na watoto wakaanza kushikana. Bibi akatokea kwenye ukungu.

"Huyooo!" akasema yule bwana kwenye maiki. "Anakuja! Anafuta mikono kwenye kanga! Mama wa..." Hapo akageukia watu, kama kawaida yake, ili aone hofu aliyoitengeneza. Mwanga wa runinga ulikuwa umempiga mama usoni. Hawakuwa mbali hata hatua mbili.

Mdomo wa yule bwana ulifanya kile ulichofundishwa tangu utotoni. Mbele ya spika zote mbili, kwa sauti nyembamba ya mtoto, alisema, "Shikamoo mama."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Walidhani ni mbwembwe mpya, kwamba kuna mtu kwenye filamu anamsalimia mla watu.

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama kwa sauti ya kanisani. "Endelea. Nisemee."

Hakuweza. Kwenye runinga bibi alikuwa anaongea, Kiingereza kitupu, na watoto wakaanza kupiga mabenchi: "Tafsiri! Tafsiri!" Kijana mmoja akasema arudishiwe hela yake. Yule bwana akaninyooshea maiki mimi.

"Sista, nisaidie basi. Wewe unakijua."

Nilikuwa nakijua. Nilikuwa naelewa kila neno alilosema yule bibi, na nilikalia mikono yangu, nikamtazama usoni, nikanyamaza. Sijawahi kufurahi vile. Harusi yangu ilikuwa nzuri lakini haikufikia pale. Nilitaka dakika zile zisiishe, nimwone anavyozama huku watu wake wanampigia kelele.

Mama ndiye aliyeinuka. Aliichukua ile maiki mkononi mwake, akaigonga kwa kidole kama wanavyofanya kwenye kwaya, akawageukia watoto.

"Mnamwona huyo?" akasema. "Huyo ni mimi."

Nilisikia turubai likicheza na upepo.

"Leo nina njaa kweli. Naanza na nani?" Watoto wakajikunja. Mama akamshika yule bwana mkono wa juu, akauminya polepole, akamgeuza kama watu wanavyokagua mbuzi mnadani. "Naanza na huyu. Huyu nimemnenepesha mwenyewe tangu hana meno ya mbele. Mnajua amekula sufuria ngapi? Nilikuwa nasubiri tu akolee."

Watoto walicheka hadi wengine wakaanguka kutoka kwenye mabenchi. Mtafsiri naye alijaribu kucheka, na macho yake yakawa mekundu kuliko ya mama. Mama hakuuachia mkono wake. Alimshikilia pale mbele na akaendelea kusimulia filamu yote kwa namna yake, bibi akiuliza kila mtoto kama amenawa, kama amemaliza masomo, maana yeye hali wachafu. Nani angeogopa tena? Nilifikiri tumeshinda. Nilianza hata kumwonea yule bwana huruma, huruma iliyokosea nyumba, ikamwendea mtu asiyestahili.

Lakini filamu ina mwisho wake. Binti akamkaribia bibi kwa nyuma, akamsukuma motoni, na watoto wakafanya wanachofanya siku zote adui akifa: walisimama, wakapiga makofi na vigelegele. Mama alikuwa bado amesimama mbele yao na maiki mkononi, na sare yake ya kwaya. Alisubiri wamalize. Walimaliza mmoja mmoja, jinsi kila mmoja alivyomwona.

"Mmefurahi?" akawauliza.

Akaiweka maiki juu ya runinga, akachukua mkoba wake, tukatoka.

Kesho yake yule bwana alikuja kwetu na sukari na majani ya chai, akapiga goti barazani. Alilia kwelikweli. Mama akamwinua, akampakulia. Alikula, akaongezwa. Mimi nilikaa mlangoni nikitazama kijiko chake kikipanda na kushuka, na sikumjibu salamu. Filamu ile hakuionyesha tena. Watoto nao wakarudi, wakicheka, wakimwomba mama awaminye mikono aone kama wamekolea, na sufuria likaanza kurudi tupu. Mtaa mzima ukaniambia yameisha, nimsamehe, tulikua pamoja. Hata mchungaji alinivuta pembeni akaniambia hivyo.

Miezi michache baadaye jirani yetu wa nyuma akajifungua mtoto wa kwanza. Mama akaamka alfajiri akapika mtori, ndizi laini na nyama ya mfupa, chakula anachopewa mzazi huku kwetu ili maziwa yatoke. Hakuna mzazi wa mtaa ule ambaye hajanywa mtori wa mama. Aliubeba mwenyewe. Jirani aliupokea getini kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo, akashukuru sana, akasema mtoto amelala. Mama akarudi nyumbani akisema mtoto amelala, ataenda kumwona siku nyingine.

Jioni nilipofika kutoka Njiro nilitumwa kufuata sufuria. Nilipita nyuma, kwenye migomba, kwa sababu geti lilikuwa limefungwa. Mtori wote ulikuwa umemwagwa shinani mwa mgomba, na nyama, na mifupa. Hata mbwa walikuwa hawajaachiwa. Kulikuwa na majivu yaliyonyunyiziwa juu yake. Sufuria lilikuwa limeoshwa, limekaushwa, limeinamishwa pembeni kwa heshima zote.

Nililibeba hadi nyumbani. Mama alikuwa amekaa barazani, miguu ameinyoosha, ananisubiri.

"Mzazi amekunywa?" akauliza.

"Amemaliza wote, mama. Anasema ulikuwa mtamu."

Uso wake uling'aa. Akasema basi kesho atampelekea mwingine, akanituma nimletee kisu, akaanza kumenya ndizi.