Salamu ya Mashine ya Mwisho

Fundi wa kompyuta wa chuo alining'iniza flashi tatu shingoni, kila moja na uzi wa rangi yake, kwa sababu lugha ya kuandikia programu inayoingia bila taabu kwenye mfumo huu wa kompyuta hugoma kwenye ule. Vidole vyake vinene viligusa kibodi kama vinapima homa ya mtoto. Kila alipomaliza kusakinisha aliandika mstari mmoja wa majaribio, mashine ikatoa "Hujambo" kwenye kioo, naye akaitikia kwa sauti ya chini, "Sijambo." Karani wa maabara alikuwa akimcheka mpaka machozi.

Darasa la kufundisha lugha hiyo lilipokosa wanafunzi, fundi aliagizwa aiondoe lugha ile kwenye mashine zote ishirini, kisha arudishe ufunguo wa maabara. Akaiondoa moja baada ya nyingine, akifuta hata yale mafaili ya mabaki ambayo mafundi wengine huyaacha.

"Pole, kaka," karani alimwambia.

"Kazi ni kazi, dada."

Kwenye mashine ya mwisho mazoea yakamponza: baada ya kufuta, akaandika mstari wake uleule. Kioo kikajibu kwamba amri hiyo haijulikani.

"Sijambo," fundi akasema, akaizima mashine.