Amplifaya Iliyoishiwa Nguvu Ugenini

Jua halijakolea, lakini mwanamke anayejulikana mtaani kama Mama Koili ameshainuka kwenye kigoda chake mara nyingi kuliko alivyokikalia. Anazungushia waya wa shaba kwenye moyo wa transfoma. Mkono uko kwenye mpini wa mashine ya kuzungushia, jicho liko kwenye simu.

Majirani hawamsalimu akiwa kazini. Anayesahau hujibiwa kwa nambari, maana Mama Koili huhesabu mizunguko kwa sauti, na akipotea huanza upya. Leo amekwisha kupotea mara mbili.

"Nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga," anasema, akiinuka tena.

Anayesubiriwa apige ni mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, mpiga gitaa la besi aliyehamia ng'ambo mwaka jana. Aliondoka na amplifaya aliyoundiwa na dada yake, sanduku lake likiwa limetokana na mlango wa kabati bovu. Nyumbani ilitikisa madirisha. Ugenini ikatoa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi.

Umeme wa kule una nguvu karibu nusu ya huu wa hapa. "Ni sawa na kumnyima mchukuzi chakula, halafu unamtwika gunia," anaeleza.

Mdogo mtu hakuwa na subira. Jirani yake alimshauri afungue sanduku, abadilishe nyaya mwenyewe. Mama Koili alisikia simuni skrubu zikidondoka. Akamwonya kwamba mle ndani mna kapasita, vikopo vinavyoshika umeme hata plagi ikishachomolewa.

"Dada, nitakuwa mtoto mpaka lini?" alijibu, akakata simu.

Hakupatikana siku hiyo wala ya pili yake. Mume wa Mama Koili, fundi cherehani anayegawana naye chumba cha kazi, anasema chakula hakikumpita mkewe kooni. Alikuwa akizipanga bisibisi, anazipangua, anazipanga tena.

Kijana alipopiga hatimaye, ujeuri ulikuwa umemtoka. Umeme ulimrusha hadi ukutani, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Kwa mpiga besi, hivyo ndivyo vidole vyenyewe.

"Sikumwambia 'si nilikwambia'. Maji yakimwagika hayazoleki," anasema Mama Koili. "Nilimuuliza kama vinasikia baridi. Akasema kwa mbali. Basi, nikalia."

Alimtaka atafute fundi wa kulifunga sanduku, naye akaketi kutengeneza transfoma ya kupandisha umeme. Shida ikawa kuijaribu, kwani umeme wa ng'ambo hana. Akaijaribu kinyumenyume: akaingiza umeme wa hapa upande wa kutokea, akapima upande wa kuingilia. Ukatoka ule wa kule. Muuguzi mmoja aliyekuwa akirudi kazini huko akaibeba mzigoni.

Adhuhuri, simu inaita. Kijana anasema vidole vimerudi, na transfoma ameichomeka. Dada anamwamuru aweke simu chini, apige.

Besi inajaa chumba. Cherehani ya shemeji inasimama. Shemeji anatabasamu, lakini Mama Koili amekunja uso.

"Kuna mvumo chini ya sauti," anasema. "Waya wa ardhi mle ndani umelegea. Chomoa, usiguse kitu, mwite fundi."

Plagi inasikika ikichomolewa. Kisha kijana anajibu, "Haya, dada. Nasubiri."

Hapo ndipo Mama Koili anapoketi, ingawa si kwa muda mrefu. Wapiga muziki wawili, marafiki wa mdogo wake, wameshaagiza amplifaya zao. Anayoitengeneza sasa itapokea umeme wa nchi zote mbili, na swichi ya kuchagulia itakuwa nje, ili asiwepo wa kufungua sanduku tena.

Yeye mwenyewe anafuatilia pasipoti.

"Simu hainitoshi," anasema, akiushika tena mpini. "Nataka nisimame mbele ya ile spika, anipigie nyimbo zote, nisikie inavyonigonga kifuani."