Kisanduku Kando ya Zizi la Robi

Ukitaka kumuudhi Robi Makongoro wa Buswahili, fika kwake na kitu chenye waya. Hakukaribishi chai wala hakuulizi habari za nyumbani. Anakutazama mikono tu. Na msimcheke, ana sababu. Alipokuwa msichana upande wa Bunda, wageni walikuja na kisanduku, wakarudi na vigingi, kisha baba yake akaondolewa shambani kwake kupisha dhahabu. Mzee alifia mjini, kwenye chumba cha kupanga Nyakato, akiuliza ng'ombe wake wamenyweshwa na nani.

Kwa hiyo Thadeo, kijana wa ofisi ya kupima matetemeko, aliposhuka kwenye pikipiki na kisanduku begani, Robi alijua mchezo umeanza upya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata dhahabu?"

"Hapana, mama. Nimefuata mtetemo." Akachuchumaa kumweleza. Ardhi imekaa kwa mapande makubwa. Kule Bonde la Ufa mapande yanaachana polepole, mwamba unavutwa mpaka unakatika, ndiyo maana wenzetu wa kule wanatikiswa mara kwa mara. Huku tumekalia mwamba mzee, mgumu, hautikisiki ovyo. Ila una nyufa za zamani, na zikivutwa sana zinaweza kuamka. "Tunataka kujua za huku zimelala kiasi gani. Nikifukie kwenye mwamba, mbali na miguu."

Mwamba ulikuwepo, nyuma ya kaburi la mumewe. Robi akaunyamazia. Mtu anayeutaka mwamba wako anataka na kilicho chini yake, hayo alishayaona. Akampeleka kando ya zizi, akamwambia kwa macho makavu kwamba chini ya samadi pale kuna jiwe kubwa. Afukie hapo, akose kitu, aende zake.

Kumbe alijichongea. Kisanduku kiliwasikia ng'ombe arobaini wakitoka asubuhi na kurudi jioni, kikaandika yote na kuyatuma ofisini. Baada ya wiki tatu yakaja magari matatu. Wakubwa wakashuka na ramani. Wakashusha na vigingi. Robi alipoviona, alikumbuka vile vya Bunda.

"Mama, hapa panatikisika kuliko mkoa mzima," Thadeo alisema kwa furaha. "Wanataka kupazungushia uzio."

Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Akaenda, akafungua zizi. Ng'ombe wakatoka wakisukumana, na mstari kwenye kompyuta aliyoshika bosi wa Thadeo ukaruka vilevile ulivyokuwa ukiruka kila siku. Bosi akawatazama ng'ombe, akamtazama Thadeo. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Vigingi vikarudishwa garini.

Robi hakucheka. "Mwamba uko kule kaburini," akasema. "Ila niambie kwanza, mwanangu. Pakitulia, mtakuwa mnakujaga?"

"Pakitulia hatuna cha kufuata, mama. Nitakuja kubadilisha betri tu."

Kisanduku kikahamishwa. Amesikia maneno ya Thadeo, lakini kuamini kwamba wenye vigingi hawatarudi hajaamini mpaka leo. Ng'ombe wake anawazungusha bondeni, nusu saa zaidi kila siku, ili kisanduku kisiwasikie. Kuni anapasulia mtoni. Muhogo anautwangia kwa jirani yake Dorkas, na akienda kumsalimu mumewe pale kaburini, anavua viatu mbali, ananyata.